Bastola ya Leseni Shuleni: Hasara Yake Hulipwa na Nani?



Jioni moja hapa Matondoni, baada ya sala ya Alasiri, tulikuwa barazani tukiwatazama mafundi wakitia kalafati jahazi lililopandishwa pwani. Mazungumzo yalianza na bei ya mbao, yakaingia kwenye karo, na mwisho yakatua kwenye usalama wa shule. Mzazi mmoja mwenye mtoto katika shule ya bweni huko bara akasema: "Mimi naona walimu wapewe ruhusa. Aliye na leseni ya bastola aingie nayo shuleni, aifiche kiunoni. Mwovu akija atakuta watu wamejiandaa."

Mzee aliyekuwa akishona wavu hakuinua hata kichwa. Akamuuliza: "Na siku ambayo mwovu hakuja, mwanangu, hiyo bastola itakuwa ikifanya nini?"

Swali hilo limenikaa moyoni. Shule hufunguliwa karibu siku 190 kwa mwaka. Alhamdulillahi, shule nyingi hupita mwaka baada ya mwaka bila kushambuliwa na mtu yeyote. Lakini bastola ikiruhusiwa, itakuwa humo siku zote hizo, na kila siku ina gharama yake. Makala haya yanaeleza gharama hizo ni zipi, zimeonekana wapi, na ni nani anayezilipa. Mimi si mwanasheria wala askari. Ni mzazi na mwandishi, na nimejaribu kukusanya mambo yanayojulikana ili tukikaa barazani tujadiliane kwa ilimu.

LESENI NI YA MTU, SHULE NI MAHALI

Nchini Kenya umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Raia hana haki ya kumiliki bunduki kwa kutaka tu. Ni lazima aombe cheti, aeleze sababu ya maana, na aonekane kuwa kumpa silaha hakutahatarisha usalama wala amani ya umma. Mlevi, mgonjwa wa akili na mtu mwingine yeyote asiyefaa kukabidhiwa silaha hapaswi kupewa. Mabadiliko ya sheria za usalama ya Desemba 2014 yaliunda Bodi ya Leseni za Bunduki ili kazi hiyo isiwe mikononi mwa ofisa mmoja.

Hayo ni mazuri. Ila tuangalie cheti kinajibu swali gani. Kinajibu kama mtu huyu, siku alipochunguzwa, alionekana kufaa. Hakisemi kama atafaa mwaka ujao akifiwa, akifilisika au akigombana nyumbani. Wala hakisemi kama kila mahali anapoingia panafaa kuwa na silaha.

Serikali yenyewe iliwahi kutuonyesha kwamba leseni si neno la mwisho. Mnamo Desemba 2018 iliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya ndani ya siku 90, kwa sababu kulikuwa na vyeti vya kutiliwa shaka na watu waliokuwa wakitumia silaha vibaya. Ikiwa maelfu ya wenye leseni walihitaji kuchunguzwa tena, basi kumwambia mwalimu mkuu asimame langoni na kuamini kila anayeonyesha cheti ni kumtwika mzigo usiokuwa wake.

Kuna sheria nyingine juu ya hizo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haki ya kulindwa dhidi ya ukatili wa kila namna. Kinasema pia kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulizwe. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogondogo, ambayo Kenya na majirani zake waliitia saini, inazitaka nchi zetu zidhibiti silaha zilizo mikononi mwa raia. Mwelekeo wa sheria zetu kwa jumla ni kupunguza bunduki mahali penye watu.

HOJA YA WANAOTAKA, NA INA UZITO

Si haki kumcheka yule mzazi wa barazani. Hofu yake ina msingi, na sisi wa Lamu ndio tunaoijua zaidi.

Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, na zaidi ya watu 60 wakauawa pale na vijiji vya jirani. Novemba mwaka huohuo watu 28 walitolewa ndani ya basi Mandera na kuuawa, na wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda kwao likizo. Februari 2018 walimu wawili waliuawa Qarsa, kaunti ya Wajir. Januari 2020 walimu watatu waliuawa shuleni Kamuthe, Garissa. Kila mara walimu kutoka sehemu nyingine walihama, na waliobaki bila mwalimu ni watoto wa pale. Hapa kwetu, watoto wa Waboni katika wadi ya Basuba walikaa muda mrefu shule zao zikiwa zimefungwa kwa sababu ya usalama, na baadhi wakahamishiwa bweni la Mokowe, mbali na wazazi wao.

Kuna pia kisa cha Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013. Watu 67 waliuawa katika shambulio lile. Kabla vikosi havijajipanga, raia wachache wenye bastola za leseni waliingia ndani pamoja na askari wa nguo za kiraia, wakawatoa watu wengi wakiwa hai. Mmoja wao ni Abdul Haji, Muislamu mwenzetu, ambaye sasa ni seneta wa Garissa. Aliingia kwa sababu ndugu yake alikuwa ndani. Ujasiri wake haukataliwi na mtu.

Lakini Westgate ileile ina upande wa pili. Katika vurugu za siku ile, wanajeshi na askari wa kikosi cha Recce walirushiana risasi kwa kutotambuana, na ofisa wa Recce akapoteza maisha. Hao ni watu waliofundishwa kazi ya silaha, wenye sare na redio. Sasa tujiulize ingekuwaje kwa mwalimu wa hisabati. Na tuseme wazi jambo ambalo watu hulisemea chini: mwalimu wa Kiislamu mwenye ndevu na kofia, ameshika bastola mkononi katika ua la shule wakati askari wanaingia mbio, atatambuliwaje kwamba yeye ni mwalimu? Vijana wetu wamepata taabu ya kutosha katika misako bila ya kushika chochote. Bastola ile iliyokusudiwa kumkinga inaweza kuwa ndiyo itakayomuua.

MAMBO YALIYOTOKEA KWETU

Turudi kwenye shule na vyuo vya Kenya, maana tunayo mifano yetu wenyewe.

Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Langoni palikuwa na walinzi, nao walizidiwa mwanzoni kabisa. Kilichowaua wengi ni kuchelewa: shambulio lilianza alfajiri, na kikosi maalumu kilichotoka Nairobi kilifika na kuingia saa nyingi baadaye. Washambuliaji walikuwa na bunduki za kivita na mabomu ya kujilipua. Bastola ya kiunoni haikuwa jibu la silaha zile. Lililopungua Garissa ni taarifa kufanyiwa kazi mapema na msaada kufika haraka.

Siku kumi baadaye, tarehe 12 Aprili 2015, mlipuko wa umeme ulitokea usiku katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani ni magaidi. Waliruka kutoka ghorofani na kukanyagana. Mmoja alikufa, na zaidi ya mia wakaumia. Hapakuwa na gaidi hata mmoja.

Novemba 2015 Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama lililoigiza shambulio, kwa milio ya risasi. Watu wengi hawakujua kuwa ni zoezi. Walijirusha kutoka madirishani, mfanyakazi mmoja akafa na makumi wakajeruhiwa. Nia ilikuwa njema kabisa.

Visa hivyo viwili vinafundisha jambo ambalo hesabu za bunduki hulisahau. Mlio mmoja tu ndani ya shule unatosha kuua, hata kama risasi haikumgusa mtu. Ikiwa bastola ya mwalimu itajifyatua kwenye mkoba katikati ya gwaride la asubuhi, watoto 400 watakimbilia lango moja. Waulizeni wazazi wa Kikuyu.

Kisha kuna Lokichogio, kaunti ya Turkana. Usiku wa Oktoba 2017 mwanafunzi aliyekuwa amefukuzwa kwa ugomvi alirudi shuleni pamoja na wenzake wakiwa na silaha. Wanafunzi sita na mlinzi waliuawa. Bunduki ile haikuwa ya leseni, na sitaki kudanganya juu ya hilo. Ninachosema ni kwamba ugomvi wa wanafunzi upo katika kila shule, na ulikuwapo tangu tukisoma sisi. Tofauti kati ya ugomvi unaoisha kwa ngumi na ule unaoisha kwa jeneza ni kama silaha iko karibu.

Na shule zetu za bweni zinajulikana kwa hasira zake. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, katika moto uliowashwa makusudi. Mwaka 2017 wasichana 10 walikufa kwa moto katika shule ya Moi Girls, Nairobi. Mwanafunzi aliyetumia kiberiti atashindwa kuijua droo ya mwalimu mwenye bastola? Kilichofichwa shuleni hakifichiki. Watoto hujua mwalimu gani anakunywa soda gani, na funguo za maktaba huwekwa wapi. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, wakimaanisha ajifunze kwa kujikata kidole. Risasi haimwachii mtu nafasi ya kujifunza.

NILICHOKIONA MWENYEWE

Miaka michache iliyopita nilikwenda mkutano wa wazazi katika shule moja, nje ya kaunti hii. Mgeni wa heshima aliposimama kukabidhi zawadi, aliinua mikono na koti likapanda. Bastola ikaonekana wazi kiunoni. Watoto wa safu ya mbele wakanyamaza kuimba. Mmoja, wa darasa la tatu hivi, akarudi nyuma akakaa kwenye mapaja ya dada yake. Mwalimu mkuu aliona, nasi wazazi tuliona, na hakuna aliyesema neno. Mimi pia sikusema.

Hakuna aliyeumizwa siku ile. Hakuna ripoti iliyoandikwa. Lakini tangu hapo nimeelewa kwamba mwenye bastola akiwa mkutanoni, mkutano huo hauko sawa tena. Nani angesimama kumuuliza mgeni yule zile pesa za madawati alizoahidi ziko wapi?

MAREKANI WALIKOJARIBU

Nchi iliyolifanyia jambo hili majaribio kwa upana ni Marekani, na inafaa tujifunze kwao bila ya kulipa wao walicholipa.

Jimbo la Texas lilipitisha sheria mwaka 2015 ya kuwaruhusu wenye leseni kubeba bastola zilizofichwa katika majengo ya vyuo vikuu vya umma. Ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 2016, siku iliyotimiza miaka 50 kamili tangu mtu mmoja alipopanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas na kuwapiga watu risasi. Sheria haijapita, mifumo miwili ya vyuo, wa Texas na wa Houston, ilikadiria kwamba utekelezaji ungegharimu karibu dola milioni 47 kwa miaka sita: makabati ya chuma, walinzi zaidi, mafunzo na vifaa. Waliounga mkono walisema hesabu hiyo imetiwa chumvi. Hata kama ilitiwa, hakuna aliyeweza kusema kwamba makabati hayo na walinzi hao wangepatikana bure.

Katika jimbo la Idaho, sheria kama hiyo ilipopita mwaka 2014, vyuo viliomba zaidi ya dola milioni 3.7 kwa ajili ya ulinzi wa ziada. Septemba mwaka huohuo, muhula ukiwa ndio umeanza, mhadhiri wa chuo kikuu kimoja cha jimbo hilo alijipiga risasi mguuni mbele ya wanafunzi, kwa bastola yake mwenyewe iliyokuwa mfukoni. Alikuwa na leseni. Texas nako, wiki chache baada ya sheria kuanza, bastola ya mwanafunzi ilijifyatua bwenini katika chuo cha Tarleton.

Hasara nyingine haikuonekana kwenye bajeti. Mkuu wa kitivo cha usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Texas, Fritz Steiner, aliondoka akaenda chuo kingine na akaitaja sheria hiyo kuwa sababu. Mwanauchumi Daniel Hamermesh akaacha kufundisha hapo. Houston nako, walimu waliwasilishiana ushauri kwamba wawe waangalifu wanapozungumzia mada nyeti, na hata waziache zingine. Hapo ndipo bastola inapogusa roho ya elimu. Mwalimu anayeogopa kumpa mwanafunzi alama anayostahili hafundishi tena.

Na wale wanaosema silaha nyingi ndizo zinazookoa, watazame Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei 2022. Watoto 19 na walimu wawili waliuawa katika shule ya msingi. Maofisa wa usalama karibu 400 walifika, wakiwa na silaha, na ilipita saa nzima na zaidi kabla ya kuingia darasani. Bunduki zilikuwapo kwa wingi. Uongozi ndio uliokosekana.

TUPIGE HESABU YA KWETU

Sasa tuchukue jambo lenyewe tulilete Lamu, tuhesabu.

Gharama ya kwanza ni fedha. Bastola ikiingia shuleni, panahitajika kabati la chuma, daftari la kusajili, mlinzi wa kukagua, na mafunzo ya mara kwa mara, maana mtu asiyefanya mazoezi husahau. Katika elimu ya bure ya msingi, serikali imekuwa ikitenga shilingi 1,420 kwa kila mtoto kwa mwaka mzima. Maana yake kila shilingi 142,000 inayotumika kwa ajili ya silaha ni mgao wa mwaka wa watoto 100: chaki, vitabu, umeme, ukarabati, vyote. Na tunajua kwamba hata mgao huo huchelewa.

Gharama ya pili ni kesi na fidia. Risasi ikimpata mtoto kwa makosa, mwenye leseni atashtakiwa, lakini wazazi watamdai pia aliyeruhusu bastola iingie: bodi ya usimamizi ya shule, na wizara nyuma yake. Fidia hiyo italipwa kutoka mfuko wa umma. Mwenye bastola amejichagulia usalama wake, na bili ameandikiwa jirani.

Gharama ya tatu ni matibabu, na hapa Lamu si Nairobi. Mtoto akipigwa risasi Matondoni, anahitaji boti au punda hadi mjini, kwenye hospitali ya King Fahd. Boti inategemea maji: yakipwa, tunangoja. Akihitaji daktari bingwa wa upasuaji, ni safari ya Malindi, au ya Mombasa iliyo zaidi ya kilomita 300, kupitia barabara ambayo nayo ina historia yake. Jeraha ambalo mjini lingetibiwa kwa saa moja, visiwani linaweza kuua. Kwa hiyo ajali ileile ina bei kubwa zaidi kwetu.

Gharama ya nne ni ya polisi. Leo wakiambiwa kuna mtu ana bastola shuleni, wanajua ni hatari na wanakwenda. Bastola zikiwa halali shuleni, kila simu itakuwa na swali: je, huyo ni mwenye leseni au ni mwovu? Na kuchelewa ndiko kulikotuangamiza Garissa.

Gharama ya tano ni wizi wa silaha. Katika kaunti inayopakana na msitu wa Boni, bastola ni kivutio. Nyumba ya mwalimu haina ukuta, mlango wake ni wa mbao, na watu wote wanajua anakwenda kwao lini. Tukimpa silaha tumemweka alama. Aliyekuwa salama kwa sababu hana kitu cha kuchukuliwa, sasa ana kitu ambacho wabaya watakuja kukitafuta.

Ya sita ni imani ya watu. Tangu amri ya kutotoka usiku ya mwaka 2014, iliyowakosesha wavuvi wetu riziki ya usiku, watu wa Lamu wamejifunza kuwatazama wenye silaha kwa wasiwasi, wawe wa upande gani. Shule, msikiti na madrasa ni mahali pachache palipobaki ambapo mtoto anaingia bila ya kukagua nani amebeba nini. Imani hiyo ikipotea haina duka la kununulia nyingine.

DINI YETU NA ADABU YA SILAHA

Kwa sisi Waislamu, adabu ya silaha mahali penye watu si jambo jipya. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha kwamba anayepita msikitini au sokoni akiwa na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamdhuru Muislamu. Alikataza pia mtu kumwelekezea nduguye chuma, hata kwa mzaha. Maulamaa wetu wameyasomesha haya miaka na miaka.

Tazama busara yake. Mwenye mshale alikuwa mwema, hakushukiwa nia mbaya. Alihofiwa kumdhuru mtu kwa bahati mbaya. Na mzigo wa tahadhari aliwekewa yeye mwenye silaha, hawakuwekewa wapita njia. Kama mshale ulioshikwa mkononi, unaoonekana na kila mtu, uliwekewa sharti, bastola yenye risasi iliyofichwa kiunoni katikati ya watoto inahitaji sharti kubwa zaidi: ibaki nje.

BASI TUFANYE NINI?

Kukataa bastola bila ya kusema mengine ni kumwacha yule mzazi na hofu yake. Haya ndiyo mambo ambayo fedha na jitihada zetu zingefaa kuelekezwa huko.

Kwanza, kila shule iwe na kanuni iliyoandikwa na kubandikwa langoni: hakuna silaha ndani isipokuwa ya askari aliye kazini. Mgeni mwenye leseni, awe mheshimiwa au tajiri, aiache kituo cha polisi kabla ya kuja. Mwalimu mkuu asiachiwe kubishana na wakubwa peke yake. Bodi iweke kanuni, naye atekeleze.

Pili, ulinzi wa shule zilizo hatarini ni kazi ya serikali. Askari wenye mafunzo na sare wawekwe karibu na shule za Basuba na mpakani, wawe na mawasiliano na boti yenye mafuta, na wakae nje ya madarasa. Kenya iliunga mkono Tamko la Shule Salama lililoanzishwa Oslo Mei 2015, linalotaka shule zisigeuzwe kambi. Askari kuilinda shule ni sawa. Kuifanya shule kituo chake ni kuialika vita.

Tatu, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni mwaka 2008. Unazungumzia ua, lango, milango ya kufunguka kwa nje, madirisha yasiyo na nondo mabwenini, na mazoezi ya dharura. Shule ngapi zimeutimiza? Mlango wa pili wa bweni unaokoa watoto kwa moto, kwa mkanyagano na kwa shambulio pia, na haujifyatui.

Nne, tuwekeze kwa mwalimu mshauri. Aliyetaka kurudi na silaha Lokichogio alikuwa mwanafunzi mwenye ugomvi uliojulikana. Mtu wa kumsikiliza kijana mapema ni ulinzi, ingawa haonekani kama ulinzi.

Tano, ndugu mzazi, katika mkutano ujao uliza maswali matatu: Ni nani anaruhusiwa kuingia na silaha katika shule hii? Kanuni hiyo imeandikwa wapi? Na mtoto wangu akiumia, atafikishwa hospitali kwa chombo gani, maji yakiwa yamekupwa? Kama hapana jibu, mmepata ajenda.

MWISHO

Baada ya Mzee kuuliza swali lake, barazani palinyamaza kidogo. Yule mzazi akasema, "Lakini Mzee, mimi nina hofu." Mzee akaweka wavu chini, akamwambia, "Sote tuna hofu, mwanangu. Ila hofu yako usimpe mtu mwingine aibebe kiunoni mbele ya mtoto wangu."

Sina cha kuongeza sana juu ya hapo. Siku 190 za masomo ni za watoto. Katika siku hizo wanahitaji mwalimu aliyefika, kitabu kilichofika, mlango unaofunguka, na watu wazima ambao mikono yao ni mitupu. Mwenye leseni na afuate sheria, ailinde nyumba yake kwa namna alivyoruhusiwa. Akifika kwenye lango la shule, alifikirie lango lile kama mlango wa msikiti: kuna vitu mtu huviacha nje.